Aliyetuvusha Reli Isiyokuwepo

Ukitoka Nachingwea mjini, nje kidogo tu, kuna mahali barabara inakata mashamba ya ufuta, na hapo mwongozaji wetu wa ziara alikuwa anawasimamisha wageni wote bila kujali vyeo vyao. Anapuliza filimbi, anainua mkono. "Hapa pana reli," anasema. "Tazameni kushoto, tazameni kulia, halafu tena kushoto. Sitaki kumrudisha mtu kwao akiwa nusu." Wageni wanatazama. Kushoto ufuta. Kulia ufuta, na mbuzi. Reli yenyewe iling'olewa zamani, mimi sijazaliwa, na kama unataka kuiona leo nenda kaangalie vyuma vinavyoshikilia paa la banda la jirani yangu. Lakini watu wazima, wengine na miwani yao na kamera zao, wanageuza shingo huku na huku, kisha wanavuka mbio.

Akishawavusha ndipo anawaeleza. Kwamba Waingereza walikuja hapa kulima karanga. Walijenga mji, wakajenga uwanja wa ndege, wakajenga reli ya kupeleka karanga bandarini, na karanga zikakataa. "Reli ilifika," anasema. "Karanga ndiyo hazikufika." Halafu ananyamaza mpaka mtu acheke, na asipocheka mtu anairudia yote tangu mwanzo. Kwa hiyo mimi nilikuwa nacheka haraka, maana mimi ndiye niliyekuwa nawapikia wageni wake, na chakula kilikuwa kinapoa nyuma ya gari.

Vijana wa bodaboda wamekua wakimwona akifanya hivyo. Siku hizi bodaboda akifika pale anapunguza mwendo, anatazama pande zote, ndipo anavuka. Muulize kwa nini, atakuambia ndiyo sheria ya pale. Kuna mwaka alikuja mwalimu mgeni kapangiwa shule ya huku, akapakiwa na bodaboda, akayaona hayo kwa macho yake, akayaweka moyoni. Likizo ilipofika watu walimkuta kasimama kando ya ule ufuta, begi miguuni, amevaa vizuri. Alikuwa anasubiri treni ya Mtwara. Mwongozaji alipoletewa habari hiyo sisi wote tulikuwa tumeshika mbavu, yeye hakucheka hata kidogo. Alisema huyo mwalimu ndiye mwanafunzi wake bora, na akaenda kumtafuta ili ampeleke stendi ya mabasi mwenyewe.

Sasa tuelewane mapema. Yeye Mmwera, mimi Mmakua, na sisi tulikuwa watani. Kwa asiyejua, mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anakuvua kofia kichwani na harudishi mpaka umpoze. Na siku ukifa, anavaa nguo zako hapo hapo msibani, anatembea mwendo wako, anasema kwa sauti yako, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Hiyo ni kazi, si mzaha wa kupita. Mtani akikaa kimya msibani wazee wanamsema mwaka mzima. Kwa hiyo haya ninayosema juu yake nina haki nayo, na asije mtu kuniambia namkosea heshima mzee wa watu.

Alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, na nadhani alistaafu mshahara tu. Vikundi vilimjia kutoka vyuoni, mashuleni, wengine wageni wa nje wanaotaka kujua mambo ya kusini. Alikuwa na gari la kukodi, dereva, filimbi, na mimi na mahotipoti yangu. Ziara yake ilianzia mjini Nachingwea, ikazungukia Mnero kwenye kanisa la zamani, na kesho yake ikaishia kwenye vilima vya Ruangwa. Katikati ya hapo alikuwa anawasalimia watu wote wenye masikio. Alikuwa mkali kwa habari ya kuchelewa, anawafokea wageni kwa dakika chache, halafu yeye mwenyewe anamkuta mtu anapalilia mikorosho na hapo tunasimama mpaka jua linahama. Nikimwambia, "Mtani, wali unalia huku nyuma," ananijibu, "Mwache alie, atanyamaza."

Na alikuwa anatembea kinyumenyume. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wanalolikumbuka. Alisema hawezi kuongea na watu akiwa amewapa mgongo, ni adabu mbaya, kwa hiyo alikuwa anawageukia wageni na kurudi nyuma huku anaeleza, mikono hewani, na miguu inajitafutia njia yenyewe. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake, mbele ya wote, na hotipoti kichwani, na kazi yangu ya pili ilikuwa kumwambia kilichoko mgongoni kwake. "Shimo." "Mbuzi." "Ukuta." Yeye hakukatisha sentensi. Anakwepa na kuendelea na Waingereza wake. Siku tukigombana nilikuwa nanyamaza kidogo kabla ya kusema, na ndiyo maana kuna picha nyingi za mwongozaji wetu amekaa kwenye tope akieleza historia.

Kanuni yake moja hakuivunja hata siku moja. Mwenye hadithi ndiye anayesema mwisho. Kama hadithi ni ya nyumba fulani, basi lazima apige hodi, mwenye nyumba atoke, akae, asikilize kila neno, na mwongozaji akimaliza anamgeukia: "Haya, nimekosea wapi?" Na watu wa huku ukiwauliza umekosea wapi hawakunyimi.

Mwenye hadithi aliyempenda kuliko wote alikuwa Bibi Somoe. Huyu anaishi kwenye nyumba mojawapo iliyojengwa wakati ule wa karanga, na bafuni mle limebaki bafu la kizungu, lile refu jeupe la kulalia. Mwongozaji anaeleza kwa ustadi kabisa, jinsi mkubwa wa mashamba alivyokuwa anarudi na vumbi jekundu, anajaziwa maji ya moto, analala humo na gazeti la mwezi uliopita. Wageni wanapiga picha. Kisha anageuka, "Haya, Bibi, nimekosea wapi?"

Bibi Somoe anakohoa kwanza. Yeye Kiswahili anakitumia akiwa na haja nacho, lugha yake ni Kimwera. "Mimi huyo Mzungu simjui," anasema. "Ninachojua, hiki chombo ni cha kulowekea muhogo. Kinaingia muhogo mwingi. Wale walikileta, matumizi yake hawakuyajua, wakawa wanalala humo."

Ziara haipiti bila wageni kuegemea ukuta kwa kucheka, na mwongozaji anaitikia kwa kichwa na uso mzito, akisema, "Tumesahihishwa."

Mnero ilikuwa hivyo hivyo. Yeye Mwislamu, swala hazimpiti, lakini kanisa lile alikuwa analijua kuliko wanaosali humo. Katekista wa pale alikuwa anamwachia aeleze yote, kisha akiulizwa amekosea wapi anajibu, "Hujakosea, ila na wewe ubatizwe tumalize." Na mwongozaji anasema atafikiria akifika Ruangwa. Wamejibizana hivyo miaka yote, mpaka nikajua siku mmojawapo akibadilisha maneno, mwingine ataumwa.

Huko Ruangwa kwenye vilima kuna yale mawe ya kinywe, yanayotengenezewa penseli, meusi, ukiyashika yanaacha masizi mkononi. Alikuwa anampa kila mgeni kipande na kumwambia aandike jina lake kwenye karatasi kwa hilo jiwe. Watu wanafurahi kama watoto wa chekechea. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakukumbuka kunawa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote za ziara, na kwa kuwa alikuwa mroho, vidole hivyo vilikuwa vinafunua hotipoti zangu kuchungulia. Mifuniko yangu yote ina alama zake. Nimeisugua kwa mchanga, nimeisugua kwa majivu, hazitoki, na nilishamwambia nitampeleka serikali ya kijiji na ushahidi ninao.

Uroho wake pia ulikuwa wa ajabu. Wageni aliwahubiria chakula cha kwetu, ugali wa muhogo, mbaazi, kisamvu, ming'oko inayochimbwa porini, anaisifia mpaka unadhani ataimba. Mimi nahangaika, nachimbiwa ming'oko, nachemsha. Wageni wanakula, wanasifu. Yeye anakaa nyuma ya gari na dereva, anakula chapati. Nikamkamata siku moja, mdomo umejaa. Akaniambia ming'oko ni urithi, na urithi haumalizwi na mtu mmoja.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuongea. Nje ya mji, kule walikokaa wapigania uhuru wa Msumbiji kabla nchi yao haijawa huru. Alikuwa anawafikisha wageni, anavua kofia, anasimama. Hasemi Waingereza, hasemi reli, hasemi lolote. Muda unapita. Wageni wanaanza kutazamana. Mwisho mmoja anauliza, "Mzee, hapa palikuwa na nini?" Naye anajibu, "Palikuwa na vijana." Basi. Anavaa kofia, tunaondoka. Nilimuuliza mara moja kwa nini pale, penye mengi ya kusema, yeye anafunga mdomo. Alisema wenye hadithi wengi hawakurudi, na yeye hawezi kumaliza kusema halafu ageuke kuuliza amekosea wapi, na asiwepo wa kumjibu.

Hilo nililibeba moyoni, sikumtania nalo. Hapo ndipo nilipoelewa pia alichokuwa anakiogopa. Kifo hakikumsumbua, alikuwa anakisema kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye mashine ya kusaga. Alichokiogopa ni kwamba akiondoka yeye, hakuna atakayewasimamisha watu pale barabarani. "Mtani," alikuwa ananiambia jioni tukiosha vyombo, yaani nikiosha mimi na yeye akitazama, "nikiondoka, pale patabaki shamba la ufuta."

"Ni shamba la ufuta hata sasa," nilikuwa namjibu.

Alijaribu kufundisha warithi. Alikuja kijana mmoja mwenye sura nzuri na Kiingereza, lakini alikuwa anasoma kila kitu kwenye simu, na akifika kwa Bibi Somoe hapigi hodi, anaelezea dirishani. Akamfukuza. Akaja mwingine, huyu mchangamfu kweli, wageni walimpenda, ila aliongeza simba. Kila mahali simba. Simba walikula wajenga reli, simba waliingia kanisani, simba alikunywa maji kwenye bafu la Bibi Somoe. Mwongozaji alimvumilia mpaka simba alipofika kule kwa vijana wa Msumbiji, hapo hakumvumilia tena. Baada ya huyo akasema hafundishi mtu. Kaongea peke yake mpaka uvimbe ulipomwanza kooni.

Lakini kabla ya uvimbe niseme habari ya msiba wa kaka yake, maana ndiyo iliyoleta yote. Kaka mtu alikuwa anachechemea. Siku ya msiba, mimi kama mtani, nikachukua koti la marehemu na kofia yake, nikazunguka pale uani nikichechemea, nadai kahawa kwa sauti yake ya puani, nawauliza wafiwa mbona wamekaa kivivu na korosho zinadondoka shambani. Watu walicheka mpaka wakasahau, kisha wakakumbuka, wakalia vizuri. Kazi ikaisha. Nimeketi napumua, nikamwona mwongozaji anakuja, macho mekundu, anainama sikioni mwangu. Nikadhani ananishukuru.

"Umekosea mguu," akanong'ona. "Alikuwa anachechemea wa kushoto."

Sasa uvimbe. Ulianza mdogo, akasema ni baridi. Ukakua, akajifunga kitambaa. Mwisho tulimpeleka hospitali ya misheni kwa nguvu, akapasuliwa, akapona. Ila sauti haikurudi. Daktari alimweleza kwa upole kwamba uhai umeokolewa, sauti ndiyo gharama yake. Nilikuwepo. Mwongozaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwa mkono aseme tena, labda amekosea mahali.

Alirudi nyumbani akawa anaandika meseji. Nimeketi naye mkekani, magoti yanakaribia kugusana, simu yangu inalia, ni yeye. "Chumvi imezidi." Namjibu kwa mdomo, yeye anaandika, simu inalia tena. "Usipige kelele, mimi si kiziwi." Wajukuu zake walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, halafu nikifika njiani peke yangu naumia, kwa sababu yule mtu alikuwa ni sauti na kofia, na sasa imebaki kofia.

Na kulikuwa na kikundi kinakuja. Wanachuo wa ualimu, walishapanga naye kabla hajaumwa. Kila mtu alimwambia awaambie wasije. Mwanawe alimwambia, dereva alimwambia, katekista alikuja toka Mnero na baiskeli kumwambia, na safari hiyo hakutaja ubatizo. Yeye aliandika neno moja, akatutumia sote kwa pamoja. "Waje."

Jioni ile nikapata nyingine. "Mtani njoo. Usilete chakula."

Nilimkuta amekaa barazani. Kofia yake, filimbi yake na koti lake vimewekwa kwenye kigoda, vimekunjwa. Nikaviona, nikajua. Akaandika. "Nifanye."

"Nikufanye nini?"

"Nifanye mimi. Kama ulivyomfanya kaka."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Kumwigiza mtu namna ile, kuvaa nguo zake na kutembea mwendo wake, ni kwa aliyelala chini ya udongo. Kumfanya aliye hai ni kumchimbia. Ni uchuro. Mimi na utani wangu wote sijawahi kufanya uchuro, na sitaanza na yeye, mlafi wa chapati asiyenawa mikono. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki. Nilikuwa nalia.

Alingoja mpaka nikaishiwa. Kisha akaandika polepole, vidole vyake havijazoea. "Uchuro ni wageni kupita pale bila kutazama kushoto na kulia."

Akaandika tena. "Vijana niliwafundisha hawakushika. Wewe sikukufundisha. Umeshika kwa kunicheka."

Ndugu zangu, mtu anaweza kukaa na kitu miaka yote asijue anacho. Maana ni kweli. Nikiwa jikoni kwangu nilikuwa namfanya ili kuwachekesha wanangu. Nilikuwa namfanya na Waingereza wake, na karanga zake, na kule kunyamaza kwake kwa kungoja kicheko. Nilijua anapumulia wapi. Nilidhani namcheka tu.

Nikamwambia nitafanya kwa sharti moja, aje na yeye. Asikae nyumbani kama maiti na mimi nimevaa koti lake. Aje, atembee, watu wamwone yuko hai, uchuro ushindwe. Akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwamba koti nilifue kwanza kabla ya kulirudisha, maana ananijua.

Siku ilipofika wanachuo walishuka kwenye gari, wakamwona mzee amefunga kitambaa shingoni amebeba hotipoti, na mama mnene amevaa koti la kiume na filimbi. Wakamsalimia yeye, "Shikamoo mwongozaji." Yeye akaninyooshea kidevu. Nikapuliza filimbi. Nikaanza na sauti yake nzito, mikono hewani kama yake, na wale vijana wakacheka kwa sababu kwao nilikuwa kichekesho. Nikawageukia, nikaanza kurudi nyuma.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi yangu ya zamani haina mtu. Nyuma yangu hakuna anayesema shimo. Nikasita. Kisha nikasikia kengele, yaani mlio wa kijiko kwenye mfuniko wa hotipoti, mara moja, kali. Nikasimama. Nikageuka kidogo, mfereji ulikuwa hapo. Yeye alikuwa nyuma yangu, mahali nilipokuwa natembea mimi, kashika mfuniko wenye alama za vidole vyake na kijiko changu cha kupakulia. Mlio mmoja, shimo. Milio ya haraka haraka, mbuzi. Hatukuwa tumepanga. Nikaendelea kurudi nyuma na Waingereza, na miguu yangu ikaanza kumwamini.

Kwenye reli niliwasimamisha. Wakatazama kushoto, kulia, tena kushoto. Bodaboda aliyekuwa anapita akapunguza mwendo akatazama na yeye, na hilo hata sikuliomba. Nikasema reli ilifika, karanga ndiyo hazikufika, nikanyamaza. Hawakucheka. Nikarudia yote tangu mwanzo, wakacheka.

Kwa Bibi Somoe nilipiga hodi, nikaeleza bafu lote. Bibi alinitazama mimi, akamtazama mwongozaji na kitambaa chake, akanitazama tena. Nikamgeukia, "Haya, Bibi, nimekosea wapi?" Akakohoa. Nilidhani atauliza huyu mwanamke kavaa nini. Akasema, "Hujakosea. Ila huyo bwana alikuwa anauliza kwa sauti zaidi, nasikia mpaka jikoni." Kisha akaingia kwenye habari ya muhogo.

Kule kwa vijana wa Msumbiji sikuhitaji kufanya lolote. Nilivua kofia, nikasimama. Yeye alisimama kando yangu. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo yeye hakuwa amepungukiwa kitu, alinyamaza kama alivyonyamaza siku zote. Mwanachuo mmoja, binti, akauliza hapa palikuwa na nini. Nilifungua mdomo kutumia sauti yake ile nzito, ikatoka yangu. "Palikuwa na vijana," nikasema. Tangu hapo sauti yake sikuitumia tena siku ile, wala hakuna aliyeona tofauti.

Tulikuwa tunarudi mjini kwa miguu kwa kuwa gari limetangulia kupakia vyakula, na tulipofika tena kwenye ule ufuta wanachuo wakasimama wenyewe bila filimbi. Wakaniuliza kama ziara ya leo imeisha. Nikasema bado, kuna kanuni. Mwenye hadithi ndiye anayesema mwisho. Nikamgeukia mwongozaji, mbele ya wote, nikavua kofia yake nikaishika kifuani, maana sikutaka aniangalie nikiwa nimeivaa.

"Haya, mtani," nikasema. "Nimekosea wapi?"

Aliweka hotipoti chini. Akatoa simu, akaandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Simu yangu ikalia mfukoni mwa koti lake, nikaitoa, nikawasomea kwa sauti kama alivyoandika.

"Yote sawa. Siku yangu ikifika fanya hivi hivi. Ila pale kwenye reli mimi huwa naanza kurudi nyuma na mguu wa kushoto."

Nikamtazama. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, na machozi yanashuka mpaka kwenye kitambaa. Nikavaa kofia, nikapuliza filimbi, nikawarudisha wanachuo wote upande tuliotoka, nikawasimamisha, wakatazama kushoto, kulia, tena kushoto. Nikasikia kijiko kwenye mfuniko. Nikaanza na wa kushoto.